Subaru ya Turbo Baada ya Kununuliwa: Hesabu ya Spea na Kazi ya Mkono wa Mwenye Gari

Bei inayolipwa siku ya kununua gari la michezo lililotumika ni sehemu tu ya gharama anayojitwika mnunuzi, kwa sababu gari la aina hiyo lilisanifiwa ili litoe nguvu nyingi kutoka kwenye injini ndogo, na nguvu hiyo huzaa joto, mkandamizo na msuguano ambao hula vyuma, mipira na vimiminika haraka kuliko inavyotokea kwenye gari la familia. Katika Afrika Mashariki mfano ulio wazi zaidi ni Subaru Impreza WRX pamoja na ndugu zake wenye turbo, yaani WRX STI na Forester XT, magari ambayo kijana wa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam huyatamani tangu akiwa shuleni na ambayo humfikia mikononi yakiwa tayari na umri wa miaka 8, 15 au hata 20. Makala haya yanachunguza matengenezo yanayomngoja mwenye gari hilo, sababu za kiufundi zinazoyafanya yawe ghali, na mpaka uliopo kati ya kazi anayoweza kuifanya mwenyewe nyumbani na ile ambayo akiishika ataongeza hasara.

Umaarufu wa Impreza una mizizi katika mbio za magari. Gari hilo liliingia sokoni Japani mwaka 1992; Colin McRae wa Scotland alilitumia kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1995, akashinda nalo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Mwingereza Richard Burns akashinda Safari ya mwaka 2000 akiwa na timu hiyo hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1993, Mkenya Patrick Njiru alikuwa amemaliza mashindano hayo kwa Subaru Vivio, gari dogo lenye injini ya takriban sentimita za ujazo 660, akaongoza daraja lake, jambo lililoipa chapa hiyo heshima ambayo fedha za matangazo zisingeweza kuinunua. Kinachosahauliwa katika simulizi hizo ni kwamba magari ya mashindano yalifuatwa na kikosi cha mafundi kilichobadilisha shokapu, giaboksi na matairi kati ya hatua moja na nyingine, ilhali gari linalouzwa mtaani lina fundi mmoja, naye huitwa pale tu linapokataa kuwaka.

Hali ya gari wakati linapouzwa Japani nayo inahitaji kueleweka, kwa kuwa ndiyo inayoamua bili ya mwaka wa kwanza. Sheria ya nchi hiyo inalitaka gari jipya la binafsi lifanyiwe ukaguzi rasmi baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na kwa kuwa ukaguzi huo huambatana na kodi, bima na marekebisho, wenye magari wengi huona ni nafuu kuliuza gari kabla ya tarehe hiyo kuliko kulitengeneza. Vivyo hivyo, injini ya EJ20, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye Impreza nyingi zenye turbo zilizoletwa kutoka Japani, hutakiwa kubadilishwa mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, na si ajabu kwamba magari mengi hufika mnadani yakiwa yanakaribia idadi hiyo. Anachonunua Mwafrika Mashariki, kwa hiyo, ni gari pamoja na matengenezo ambayo mwenye gari wa kwanza aliyaahirisha, na deni hilo halitajwi kwenye ankara yoyote.

Karatasi ya mnada humsaidia anayeijua kuisoma. Kila gari hupewa alama, ambapo 4 au 4.5 ni gari zuri na herufi R ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa, na kwenye mchoro wa bodi huandikwa herufi ndogo kama A kwa mkwaruzo, U kwa mbonyeo, W kwa bati lililonyooshwa na XX kwa sehemu iliyobadilishwa. Karatasi hiyo, hata hivyo, husema mengi kuhusu bodi na machache kuhusu injini, na ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini hupima kama gari linafaa kutembea barabarani, haufungui injini kutazama pistoni. Nchini Kenya, ambako sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Impreza za zamani zinazouzwa leo zimekwisha kupita mikononi mwa wenyeji kadhaa, na karatasi ya mnada, hata kama bado ipo, haielezi lolote kuhusu miaka iliyofuata. Tanzania huruhusu magari makuukuu zaidi lakini huyatoza ushuru wa ziada kwa ajili ya umri, kwa hiyo mnunuzi hulipa zaidi serikalini kwa gari ambalo litamdai zaidi gereji pia.

Injini yenyewe inastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika magari mengi pistoni hupanda na kushuka zikiwa wima, lakini katika injini bapa ya Subaru zimelala, mbili kila upande, zikisukumana kutoka katikati kuelekea kushoto na kulia. Mpangilio huu hushusha uzito wa gari karibu na ardhi na kulifanya litulie kwenye kona, ila huleta matatizo mawili kwa mtengenezaji: silinda hedi ziko mbili badala ya moja, kila moja na gasketi yake, na plagi zimeelekea ubavuni, karibu kabisa na chuma cha bodi, kiasi kwamba kuzifikia hulazimu kutoa betri, boksi la filta ya hewa na tangi la maji ya waipa. Kazi inayochukua dakika 20 kwenye Toyota ya kawaida inaweza kumaliza asubuhi nzima ya mtu anayeifanya kwa mara ya kwanza.

Mkanda wa taimingi, ambao mafundi huuita taimingi belti, ndio unaounganisha mzunguko wa krankishafti na ule wa kamshafti zinazofungua na kufunga valvu. EJ20 ni injini ambayo valvu na pistoni hutumia nafasi ile ile kwa zamu, na mkanda ukikatika zamu hiyo huvurugika, pistoni zikagonga valvu na kuzipinda, na kazi ambayo ingekuwa ya kubadilisha mkanda ikageuka kuwa ya kufungua hedi zote mbili. Pampu ya maji nayo huzungushwa na mkanda huo huo, na kwa sababu hiyo fundi mwaminifu humshauri mwenye gari anunue seti kamili yenye mkanda, tensheni, roli zake na pampu, kwa maana roli kuukuu ikikwama huukata hata mkanda mpya. Gereji za Japani huwa na desturi ya kubandika stika ndani ya boneti au karibu na injini yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa; stika hiyo ikikosekana, msimamo wa busara ni kuhesabu kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa, hasa kwa kuwa kurudisha nyuma mita ya kilomita ni biashara ya zamani ambayo haijafa.

Turbo ndiyo inayolipa gari hili jina lake, na ndiyo pia inayolifanya liwe na kiu ya oili safi. Ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja: moja huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili huvuta hewa na kuisukuma ndani ya silinda kwa nguvu ili petroli nyingi zaidi iweze kuungua. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikosekana hata kwa muda mfupi beringi zake huliwa. Oili ya zamani iliyogeuka tope, filta duni, au gari lililozimwa ghafla baada ya kukimbizwa barabara kuu, ambapo oili iliyobaki ndani ya turbo huungua na kuacha masizi magumu, vyote huishia kwenye moshi wa buluu unaotoka kwenye ekzosi. Kwa mwenye gari, dawa ya kwanza haina gharama yoyote: kuendesha taratibu kilomita za mwisho kabla ya kufika nyumbani, na kuacha injini iungurume kwa dakika moja hivi kabla ya kuizima.

Sampo ya injini hii hubeba takriban lita 4 na ushei, na turbo huweza kunywa kiasi fulani cha oili hiyo bila kuonyesha dalili ya nje. Lita moja ikipungua, karibu robo ya kinga yote imetoweka, na gari likipinda kona kwa kasi, oili iliyosalia hukimbilia upande mmoja wa sampo na pampu ikavuta hewa. Hapo ndipo beringi za konrodi, yaani vipande laini vya chuma vilivyo kati ya konrodi na krankishafti, huanza kuliwa, na injini hutoa mlio mzito wa kugonga unaoongezeka kadiri mguu unavyokanyaga mafuta. Madereva wa Nairobi husema injini imenoki. Injini iliyofikia hatua hiyo haitibiwi kwa dawa ya chupa, ingawa wauzaji wa dawa hizo hawakosekani. Kupima oili kwa kijiti, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa, kila baada ya kujaza petroli mara mbili, ni tabia ya dakika 2 inayookoa injini nzima, na ni jambo la kushangaza kwamba madereva wengi wa magari haya huijua sauti ya ekzosi yao kuliko kiwango cha oili yao.

Upoaji wa injini una sura ya pekee katika nyanda za juu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 82 ya ule wa Mombasa, na maji ya kawaida yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Injini hufanya kazi katika joto linalokaribia kiwango hicho, na kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta, ambao hubana mfumo mzima ili maji yavumilie joto kubwa zaidi. Mpira wa mfuniko huo ukichoka, gari ambalo lingeendeshwa Tanga bila shida huanza kuchemsha kwenye foleni ya Barabara ya Thika. Mfuniko ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa kwenye gari zima, lakini gasketi ya silinda hedi, ambayo huungua injini inapochemka, haiwezi kubadilishwa bila kuifungua injini, na kazi hiyo kwenye injini bapa mara nyingi hufanywa vizuri ikiwa injini imeshushwa. Mwinuko huo wa ardhi huilazimisha turbo nayo kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikie mgandamizo ule ule, na petroli inayouzwa kwenye vituo vya kawaida ina okteni ndogo kuliko ile ya daraja la juu ya Japani ambayo magari haya yalipimiwa. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mkandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo wa mapema ndio unaovunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Kompyuta ya gari, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, hujitahidi kuuzuia kwa kupunguza nguvu, lakini haina uwezo wa kugeuza petroli hafifu kuwa bora.

Mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne ni fahari nyingine yenye gharama. Gari lina difu tatu, ya mbele, ya katikati na ya nyuma, na ile ya katikati huhesabu kwamba matairi yote manne yana mzingo unaolingana. Tofauti inayokubalika ni takriban milimita 6 tu kwenye mzingo, ambayo kwa hesabu ya duara ni kama milimita 1 ya kina cha kashata za tairi. Mwenye gari aliyezoea kununua tairi moja jipya kila moja linapotoboka vibaya atajikuta akiilazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, hadi ichemke na kuharibika. Kwa hiyo matairi ya gari hili hununuliwa manne kwa pamoja, ukubwa mmoja na aina moja, na huzungushwa nafasi ili yalike sawasawa. Giaboksi ya gia tano ya matoleo ya awali nayo ina sifa ya kuvunja meno gari linapoondolewa kwa fujo mara kwa mara, ndiyo maana STI za kuanzia miaka ya 2000 zilipewa giaboksi nzito zaidi ya gia sita. Anayenunua WRX ya gia tano iliyokuwa ya mtu wa mashindano ya usiku hana budi kusikiliza mlio wa kila gia kabla ya kulipa.

Katika Ulaya na Marekani mtu hujitengenezea gari ili kukwepa malipo ya saa za fundi, ambazo huko ndizo huifanya bili ipande, lakini katika Afrika Mashariki hesabu imegeuka: ujira wa fundi hujadiliwa na mara nyingi ni mdogo ukilinganishwa na bei ya spea, hasa spea iliyotoka mbali kwa fedha za kigeni. Anayeshika spana mwenyewe ili aokoe ujira ataokoa kidogo, tena atapoteza Jumamosi yake. Faida yake halisi iko kwingine, yaani katika kujua nini kimewekwa ndani ya gari lake, kutambua ugonjwa mapema, na kuepuka ile tabia ya gereji nyingi ya kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha huku kila kosa likilipwa na mteja. Mtu aliyebadilisha plagi mbovu mara moja kwa mikono yake ni vigumu kushawishiwa anunue turbo kwa sababu tu gari linakosa nguvu.

Kazi ya kwanza inayomfaa ni kubadilisha oili na filta yake, kila kilomita 5,000, na haihitaji zaidi ya spana chache, chombo cha kukingia na stendi mbili imara. Jeki ni ya kunyanyulia gari tu. Kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake kumeua watu, na hakuna akiba inayolingana na hilo. Chini ya Subaru kuna nati za kumwagia zaidi ya moja, ya injini, ya giaboksi na, kwenye gari la gia otomatiki, ya difu ya mbele iliyo peke yake, na kosa linalojulikana sana ni la mtu kumwaga mafuta ya giaboksi akidhani ni oili ya injini, kisha akaongeza lita 4 juu ya oili iliyokuwa bado imejaa. Atakayefuata nati kwa macho hadi aione imefungwa kwenye sampo, ambayo iko mbele chini ya injini yenyewe, hatakosea. Washa ya nati hiyo hubadilishwa kila mara, na nati hukazwa kwa nguvu ya wastani, takriban nyutoni-mita 40, kipimo kinachosomwa kwenye spana maalumu ya torki. Nguvu ya bega huharibu uzi wa sampo. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro: mafundi seremala huipokea kwa ajili ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa, na gereji nyingi huikusanya.

Plagi ni kazi ya pili, yenye kuhitaji subira zaidi. Huondolewa injini ikiwa baridi, kwa kuwa hedi ni ya alumini na uzi wake hulegea ukiwa na moto, na plagi mpya huanza kuzungushwa kwa vidole hadi ikae ndipo spana itumike. Kila plagi inayotoka ni ripoti: iliyo na rangi ya kahawia isiyokolea inatoka kwenye silinda yenye afya, iliyolowa oili inaonyesha ringi au sili zimechoka, na iliyojaa masizi meusi makavu inaonyesha petroli inazidi hewa. Zikipangwa mezani kwa utaratibu wa silinda zake, mwenye gari atakuwa amepata picha ya injini yake ambayo wauzaji wengi hawangependa aione. Kama ana kipimo cha mkandamizo, wakati huo ndio wa kukitumia, ila akumbuke kwamba kwenye miji ya nyanda za juu namba zote hutoka chini ya zile za kitabu kwa sababu hewa ni nyepesi, hivyo cha kulinganisha ni silinda moja na nyingine. Ikiwa moja iko chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, maelezo yanatakiwa.

Zipo kazi nyingine ndogo ambazo hazihitaji maelezo marefu, kama kubadilisha filta ya hewa, kusafisha vituo vya betri, kubadilisha pedi za breki, na kukagua bushi na mipira ya ekseli kabla haijapasuka na kumwaga grisi. Mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu kutoka hewani na kupoteza uwezo wake wa kustahimili joto, yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kwa wakazi wa pwani yenye hewa nzito kazi hiyo isicheleweshwe. Maji ya rejeta yanaweza kubadilishwa nyumbani pia, mradi mwenye gari ajaze polepole na kuondoa hewa yote, kwa sababu injini iliyolala huficha mapovu ndani ya hedi, na povu lililobaki huunguza gasketi hata kama rejeta imejaa hadi mdomoni.

Kigezo cha kutenganisha kazi za nyumbani na za gereji, kwa hiyo, kinapaswa kuwa gharama ya kosa, wala kisiwe ugumu wa kazi yenyewe. Kufunga mkanda wa taimingi si kazi ngumu kupita kiasi kwa mtu mwenye vifaa na maelezo, lakini alama za kamshafti nne zikipishana kwa meno machache injini inaweza kuharibika pale inapowashwa tu. Kubadilisha plagi kunachosha zaidi, ila likitokea kosa la kawaida matokeo yake ni gari kutetemeka. Mkanda, klachi, difu, mfumo wa petroli na kila kitu kinachohitaji injini kushushwa kiachwe kwa fundi aliyebobea kwenye Subaru, na fundi huyo alipwe vizuri. Vivyo hivyo kwa mashine ya kusoma hitilafu: vile vifaa vidogo vinavyouzwa barabarani mara nyingi havielewani na kompyuta za Subaru za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani, kwa kuwa zilitumia lugha ya kampuni yenyewe, na mtu anaweza kuambiwa gari halina tatizo lolote wakati kifaa hakikusoma chochote.

Sehemu ya bajeti hupotea kwenye marekebisho ya kujionyesha, na hapa mwandishi yeyote anayelipenda gari hili analazimika kuwa mkali. Valvu ya kutoa pumzi nje, inayofungwa kwa ajili ya ule mlio wa kupiga chafya, hutupa hewa ambayo sensa ilikuwa imeshaihesabu, hivyo kompyuta humwaga petroli kwa ajili ya hewa isiyokuwepo, plagi zikachafuka na ekzosi ikatoa moshi mweusi. Mngurumo maarufu wa Subaru nao hautokani na nguvu, unatokana na bomba za ekzosi zenye urefu usiolingana. STI za Japani za miaka ya 2000 zilizopewa turbo yenye njia mbili za moshi na bomba zilizolingana hazina mngurumo huo, nazo ni bora kiufundi, lakini wapo wanunuzi wanaozikataa wakidhani zimechezewa. Gari ambalo halijaongezwa kitu lina thamani kubwa kuliko lililopambwa, na mnunuzi anayekutana na kontroli boksi iliyobadilishwa programu bila maelezo ya nani aliyeibadilisha na kwa petroli gani anapaswa kuondoka.

Soko la spea linahitaji macho. Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, huuza kwenye duka moja spea halisi, spea za kampuni nyingine zenye ubora, spea za mtumba kutoka Japani na spea feki zilizotiwa kwenye boksi zuri, na tofauti ya bei kati ya ya kwanza na ya mwisho ndiyo chambo. Kwa vipande vinavyozunguka ndani ya injini, kama tensheni, pampu na beringi, pamoja na oili yenyewe, kununua feki ni kuahirisha hasara kwa miezi michache, ilhali taa, kioo, mlango au hata rejeta ya mtumba iliyo nzima haina ubaya. Namba ya kipuri, itokanayo na namba ya chesisi, ndiyo lugha ya kuzungumza na muuzaji, kwa kuwa matoleo ya gari hili yanatofautiana hata ndani ya mwaka mmoja, na kusema tu "nataka pampu ya WRX" ni kujialika kurudi dukani kesho.

Injini ikishakufa kabisa, mwenye gari huchagua kati ya kuifungua na kuijenga upya au kununua hafu injini, yaani injini ya mtumba kutoka Japani isiyo na baadhi ya vifaa vya pembeni. Njia ya pili ni ya haraka, lakini injini hiyo nayo imetoka kwenye gari la mtu mwingine lililovunjwa kwa sababu isiyojulikana, kwa hiyo kabla haijafungwa ibadilishwe mkanda, pampu, sili na plagi ikiwa bado iko chini, wakati ambapo kila kitu kinafikika kwa urahisi. Namba ya injini mpya lazima ipelekwe kwenye mamlaka ya usajili ili iingizwe kwenye kadi ya gari. Wanaopuuza hatua hiyo hukumbana nayo siku ya kuuza au siku ya ukaguzi wa polisi.

Kwa anayepanga kununua, hesabu ya busara huanza na ratiba badala ya shilingi, kwa kuwa bei hubadilika kila meli inapotia nanga ilhali ratiba haibadiliki: seti ya mkanda wa taimingi, oili na filta, plagi nne, mafuta ya giaboksi na ya difu, maji ya rejeta na mfuniko wake, mafuta ya breki, na matairi manne kama hayalingani. Aulizie bei za vitu hivyo kwenye mji wake kabla ya kwenda kuliona gari, ajumlishe, kisha atoe jumla hiyo kwenye fedha aliyonayo. Kinachobaki ndicho bajeti yake ya kununulia. Aende kuliona gari asubuhi, likiwa halijawashwa, kwa maana injini iliyopashwa moto mapema huficha milio ya kugonga na moshi. Na kama hesabu yake inaishia kwenye bei ya gari pekee, anunue Impreza isiyo na turbo.